Ubao wa Ushangi

Kutaisi, hatua chache kutoka daraja jeupe,
Ushangi kinyozi alikuwa na kiti kimoja cha chuma
na ubao wa mti wa jozi
aliouweka juu ya mikono ya kiti
kwa wateja ambao miguu yao haikufika chini.

Nilikuwa na miaka sita. Niliuchukia ubao ule
kama mtu anavyolichukia jina la utani.
Baba alikaa kitini penyewe, akapakwa povu,
wembe ukapita shavuni ukilia kama karatasi inayochanwa.
“Na mimi lini?” nikauliza.
“Kula mkate,” akasema Ushangi. “Ndevu hukaa ndani ya mkate.”
Nikala. Mungu anajua nilivyokula.

Siku moja niliutoa ubao mwenyewe.
Hakusema neno. Akauegemeza nyuma ya mlango.

Nilipofika ishirini, wazee walikuwa kabila jingine,
watu waliozaliwa na makoti yao.
Sitazeeka, nilisema, kwa sauti ile ile
ya mtu anayesema hatahamia Batumi.

Thelathini na moja. Ushangi akasimamisha mkasi.
“Umepata mgeni.”
Mmoja, mweupe, juu ya sikio.
“Mng'oe.”
“Nikimng'oa, ndugu zake watakuja matangani.”
Akang'oa. Wakaja.

Basi ikaanza miaka ya rangi:
Alhamisi jioni, mlango umefungwa, pazia limeshushwa,
sote wawili tukinong'ona kama wezi.
Mke wangu, Nanuli, alijua kwa foronya.
Magazetini nilisoma matangazo ya vifo kutoka chini,
umri kwanza, jina baadaye.

Sikuacha kwa ushujaa.
Ilikuja ile baridi ya giza, umeme ukakatika,
rangi ikaadimika kuliko sukari,
na mvi zikatoka zote pamoja
kama watu waliosikia king'ora kimenyamaza.
Nanuli akaniinulia mshumaa usoni.
“Kumbe ndiwe,” akasema. “Nilikuwa nakungoja.”

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.
Jumberi tulisoma dawati moja.
Alipofariki, Ushangi aliitwa nyumbani kwao na sanduku lake,
akamnyoa kwa mara ya mwisho,
akarudi, akauosha wembe muda mrefu sana.
Mimi nilikuwa kitini nikingoja zamu.
Hakuna aliyehitaji kunimwagia maji.

Lakini uzee nao una kiburi chake.
Kijana, nilijiongezea miaka miwili niuziwe mvinyo;
mtu mzima, nikajipunguzia mitano;
sasa wakiniuliza nasema tisini
ili waniambie sionekani.
Nimeanza kuzipenda kofia. Napewa viti.
Nasema ninalolitaka, na watu wanaliita hekima.

Ila saa tisa za usiku sisemi kitu.
Saa hiyo uzee ni njia ya kwenda chooni,
ukuta unaopapaswa kwa kiganja,
na upande wa kitanda wa Nanuli, uliotandikwa vizuri mno.

Ushangi hayupo. Mkasi anao binti yake, Lamara.
Leo amenifunga shuka shingoni, akainama,
akainuka, akainama tena.
Kiegemeo kinanigonga utosini.
Nimepungua; sijui sentimita zangu zimekwenda kwa nani.
“Mzee Gurami,” akasema, “usinikasirikie,”
na macho yake yakaenda nyuma ya mlango.

Nikapanda. Alinishika kiwiko.
Kioo cha dirisha nusu ya chini kimepakwa chokaa,
na juu ya chokaa, kutoka ubaoni,
mto Rioni, kahawia, umejaa theluji iliyoyeyuka,
ukibeba tawi zima na majani yake.
Nilikuwa nimesahau kwamba unaonekana kutoka hapa.
Miaka sabini na sita nilikaa chini yake.

Miguu yangu ikining'inia,
nikamwambia Lamara leo nalipa bei ya mtoto.
Akakataa.
Bado tunabishana.