Mla Jana

Sikuwahi kumwuliza Terence kwa nini alimwita mbwa wake Tansy.
Gari la hospitali likimsubiri, alinipa kamba, ufunguo,
gunia la chakula kikavu kinachogonga bakuli kama kokoto,
akasema, siku nne tu, jirani.
Leo ya kumi na moja.

Mimi, niliyefunzwa kukunja pindo la nguo mbwa akipita,
kuosha mara saba, moja kwa udongo,
nimesimama jikoni Grimsby, Februari, giza saa kumi jioni,
namwaga maji vuguvugu juu ya kokoto zile
kwa sababu nyuma ya bahasha ameandika:
*Cha baridi hali. Cha baridi hakisemi kitu.*

Mvuke unapanda. Tansy anafumba macho.
Chakula kinamwingia puani kwanza, chote,
kisha mdomo unafagia kilichobaki, hautafuni,
kama karani anayegonga muhuri barua aliyokwisha kuisoma.

Raiyana, mwanangu, ana miaka tisa na jibu la kila kitu:
Mama, ulimi wako una vinundu vya ladha elfu tisa,
wake hata elfu mbili havifiki.
Chumvi haijui sawasawa.
Lakini nchani, Mama, ana vya kuonja maji.

Maji?
Nikajaza glasi bombani, nikanywa polepole.
Chokaa kidogo. Dawa kidogo. Basi.
Nikamtazama akilamba yake
kwa makini ya mtu anayehesabu pesa za wenyewe.

Jumanne tunapita Freeman Street, mapipa yako nje,
upepo wa mtoni unauma masikio.
Kwenye nguzo mbele ya duka la chipsi anaganda.
Navuta. Havutiki.
Tundu la kushoto, tundu la kulia, kila moja na kazi yake,
pumzi inatokea kwenye mipasuo ya kando
isije ikavuruga inayoingia.

Kwetu husema: mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Tansy anajua kala nini.
Kala chipsi zenye siki nyingi, samaki kaacha ngozi,
kafuta vidole hapa, kwenye chuma,
alikuwa na haraka, au na homa, au kaachwa na mtu.
Hapana. Haya ya mwisho nayazua mimi.
Yeye hazui. Anasoma tu, na mvua ndiyo inayofuta.

Usiku napika mchuzi wa changu wa barafu, tui la kopo.
Yeye mlangoni, kucha zimekomea kwenye mstari wa vigae.
Ninachokiita mchuzi
kwake ni umati: kitunguu, bizari, ndimu, kopo lenyewe,
mikono yangu, hofu yangu ya bili ya gesi.

Jana nilikwenda kumwona Terence.
Amekonda. Alikuwa anakula kastadi kwa kijiko cha plastiki,
analalamika haina ladha, hakuna chenye ladha humu ndani,
akanishika mkono wa sweta akacheka, akakohoa, hakuniachia.

Niliporudi, Tansy hakurukaruka.
Alikuja taratibu, akaanzia kiwikoni,
akashuka uzi kwa uzi hadi kwenye pindo la mkono,
pale alipokuwa ameshika.
Akakaa hapo muda mrefu. Sikuhesabu.
Pua imelowa, baridi, na mimi sikuondoa mkono
hata alipoanza kulamba, hata alipofika kwenye ngozi.

Kisha nikaenda bombani, maana mafunzo ni mafunzo.
Udongo nimeuchota kwenye chungu cha maua cha Terence.
Moja. Mbili. Tatu.
Nyuma yangu nasikia pua ikivuta, ikivuta,
inayanusa maji.

Mkono niliuosha mara saba.
Sweta nimelitundika kwenye kiti kifupi,
mahali anapofika.