Nafasi ya Kwanza Ingali Tupu

Saa tatu usiku. Mlango wa maombi unafungwa saa sita,
na Jumwa wa Kitsao amekalia kiti changu kibovu
tangu magharibi, kidole juu ya kipanya,
nafasi ya kwanza ingali tupu.
Katika saiba hii nimechapa barua, kesi, hati za mashamba,
hata tangazo la mbuzi aliyepotelea Maweni,
lakini mtu wa kuniuliza, "Da Nyevu,
rubani wa jeshi husomea nini kwanza?"
huyo sikuwahi kumpata.

Nikamwambia, andika uhandisi, una jina.
Akasema fizikia imemwangusha kwa alama moja.
Andika sheria. Akacheka.
Basi ualimu, kazi haikosi.
Akanitazama kama aliyeuziwa samaki wa juzi.

Tukampigia Mwagandi, binamu yake,
fundi wa magurudumu kambi ya ndege, Nanyuki.
Sauti yake ilikuwa na upepo ndani:
"Ndege haikuulizi ulisomea nini.
Watakupima jicho, moyo, meno, urefu wa paja,
watakuzungusha mpaka uteme chai ya asubuhi.
Hapa kuna rubani alisomea nyuki. Nyuki!
Wewe chagua kitu ambacho
wakikurudisha langoni
hutaona haya kukibeba hadi kwenu."
Salio likaisha kabla ya kwaheri.

Hapo kwenye jicho, Jumwa alinyamaza.
Nalijua jambo lake. Jumapili husimama
kwenye uzio wa uwanja wa ndege wa Malindi,
hufunika la kulia, akasoma namba za mkiani;
hufunika la kushoto, na namba zinalegea,
tano inakuwa sita,
sita inakuwa yai.
Mamake hajui. Mimi aliniambia
kwa sababu mimi hufuta kila kitu jioni.

"Mwaka ule wa mafuriko," akasema, macho kwenye kioo,
"tulilala siku mbili juu ya paa la shule.
Helikopta ya jeshi ilishuka, maji yakasimama vinyweleo
kama ngozi ya kuku.
Mtu akasukuma magunia ya unga.
Rubani sikumwona uso. Niliona kofia, kioo cheusi,
na ndani ya kioo paa letu, dogo,
na sisi juu yake.
Darasa zima tulitaka kuwa yeye.
Lakini mimi nilitaka na la pili:
kujua kwa nini mto ulipita shambani kwa Baba
ukamwachia jirani migomba yake."

Akashuka na orodha, akapanda, akashuka.
Akasimama. Akaandika:
Sayansi ya Udongo na Maji.

"Udongo?" nikasema. "Na kuruka je?"
"Udongo wetu uko baharini, Da Nyevu.
Sabaki huubeba kila masika,
nenda uone maji yalivyo mekundu pale mdomoni.
Ukisimama ufukoni unaona miguu yako tu.
Nataka kuona unapoishia."

Stima ikapotea.
Betri ikaanza kulia kama kifaranga,
dakika saba, sita, na ukurasa unazunguka, unazunguka,
yeye ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili.
*Ombi limepokelewa.*
Hakuruka, hakupiga kigelegele.
Aliuliza bei ya karatasi. Nikasema ishirini.
Akalipa kwa sarafu, akahesabu mara mbili,
akakunja ile karatasi ndogo, ndogo zaidi,
akaitia ndani ya kiatu.

Stima iliporudi alikuwa ameshavuka barabara.
Nikafuta kazi ya siku, kama kawaida.
Kisha, sijui kwa nini,
nikafunika jicho la kushoto
nikaitazama kalenda ya ukuta wa mbele.
Tano, nikasema.
Nikasogea hatua moja.
Au sita.