Fomu ya Kurasa Tisa

Kazi yangu Kayenze ilikuwa kusoma kwa sauti.
Kurasa tisa za Kiswahili cha ofisini,
nikizigeuza Kisukuma papo hapo
huku wanawake wakigeuza dagaa vichanjani
na korongo wawili wamesimama kando kama wakaguzi.

“Kushiriki ni hiari. Unaweza kujitoa wakati wowote.”
Hilo lilipita.
“Kila mmoja atapewa dawa ya kichocho mnayoijua,
ile chungu, ya kupimiwa kwa kijiti cha urefu.
Juu yake, kidonge kidogo cheupe.
Kwa nusu yenu kitakuwa na dawa mpya.
Kwa nusu, unga mtupu.”

Hapo Mayu Nyanzobe akasimamisha mikono.
“Unga wa nini?”
Fomu haikusema.
“Na mwenye kuchagua ni nani?”
Kompyuta, kama kura.
“Inanijua?”
Haikujui, mayu. Ndiyo maana imepewa kazi.
“Wewe unajua?”
Sijui.
“Daktari?”
Naye hajui. Tumefungwa macho wote, tusije tukapendelea.
Akacheka mpaka kitenge kikalegea.
“Vipofu watupu njiani!
Sasa nani anamshika nani mkono?”

Swali hilo nililibeba hadi mjini,
nikaliandika kwenye daftari la maswali ya jamii.
Likapata namba. Jibu halikupata.

Kesho yake akaja mwenyewe, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali.
“Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema.
Hawakusema apone mwenyeji yupi.”
Akachovya dole gumba kwenye wino,
akaligandamiza pale penye mstari.
Magamba mawili yakabaki ukurasa wa tisa,
yanang'aa.

Jina lake likaingia kabatini, kufuli juu.
Nje akawa sifuri nne moja saba.

Miezi kumi na miwili.
Kila ziara alileta kikopo chake
kimeviringishwa gazeti: “Zawadi yenu hiyo.”
Elfu tano ya nauli, soda, kipande cha sabuni.
Mwezi wa tatu akasema tumbo limelainika,
anapanda mawe na ndoo kichwani bila kupumzika.
Nikaandika: anajisikia nafuu.
Mwezi wa saba akasema damu imerudi.
Nikaandika hivyo hivyo, kwa kalamu ile ile,
mkono ukitamani kuandika jingine.

Mwezi wa nane Milembe akajitoa.
Kumhoji hairuhusiwi; alisema mwenyewe:
mumewe kasikia tunauza damu.
Kwenye jedwali anaitwa “aliyepotea.”
Hajapotea. Anakaanga maandazi pale mwaloni,
kila Jumatatu ananiuzia mawili
na chenji ananirudishia bila kuniangalia.

Siri ilipofunguliwa nikatafuta mstari wake.
Unga.
Nilikwenda kumwambia kwa miguu, nikapita njia ndefu.
“Basi lile tumbo lililolainika?”
Sijui, mayu.
Akafikiri.
“Unga mzuri huo. Mnibakizie.”

Dawa yenyewe alipewa wiki mbili baadaye, pamoja na wote waliokosa.
Akaimeza bila maji, akinikazia macho.

Siku ya matokeo tulitundika bango darasani, shule ya msingi:
mistari miwili,
mwekundu unaporomoka, wa buluu unajikongoja.
“Mimi ni yupi hapo?”
Uko ndani ya buluu, nikasema.
Bila buluu, mwekundu umeshuka kuliko nini?
Hakunijibu. Alikuwa katoka vichanjani moja kwa moja.
Akausogelea ukuta,
akaweka dole gumba katikati ya mstari wake
akaligandamiza, taratibu, kama siku ile.

Ofisini wakauliza nani kachafua bango.
Mshiriki, nikasema.
Wamejaribu sabuni, wamejaribu spiriti.
Mafuta ya dagaa hayatoki.