Kamba ya Miguu

Kamati ilipogawa kazi
wenye maneno walichukua hotuba,
wenye jamaa ofisini wakachukua vibali vya mpaka,
mimi nikaachiwa miguu.

Nikanunua kamba ya katani, mita nne,
nikapanda nayo Kadutu saa kumi na mbili asubuhi,
uwanja ungali na tope la usiku.
"Vua. Simama wima. Usikunje vidole, sikutekenyi."
Kisigino hadi kidole gumba: fundo.
Majina niliyaandika kiganjani, karatasi ilikuwa imelowa.

Cirhuza wa mita mia nane ana miguu isiyopatana:
wa kushoto ulikanyaga msumari akiwa na miaka sita,
ukasusa kukua.
Nikampa mafundo mawili.

Kocha Bisimwa huwapandisha mlima na kuwashusha,
kwa sababu nje ya uwanja huu
mji wetu hauna mita mia zilizolala.
"Mkifika kwenye nchi tambarare," anawaambia,
"mtadhani kuna mtu anawasukuma mgongoni.
Msigeuke kumtazama."

Lwaboshi, muogeleaji, hakuhitaji kiatu
ila alikuja na swali.
"Eti maji yao yana mwisho?"
Mita hamsini, nikamjibu.
"Halafu?"
Halafu unagusa ukuta, unageuka.
Akatazama ziwa kule chini, akacheka mpaka akakohoa:
"Kugeuka! Na sijafika?"

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Nshobole wa judo,
anayeangushana na wenzake juu ya magodoro
yaliyotupwa na zahanati.
"Wewe mchezo wako ni pekupeku," nikamwambia.
"Najua, mama. Nipime tu."
Nikampima. Fundo la kumi na tano,
nililikaza kuliko yote.

Sokoni, Mama Cibalonza aliiona kamba
akaacha kufungua balo la mitumba.
"Kamba ya hivyo," akasema taratibu,
"mimi naijua kwa seremala wa majeneza. Pole. Ni wangapi?"
Hapana, hapana, nikamshika mkono,
hawa wako hai, wako hai kupita kiasi,
sufuria ya sombe haiwatoshi,
wanakwenda kushindana.
Hakujibu. Alipanda juu ya rundo kwa magoti,
akachimba viatu kama anayechimba viazi,
akivipima kimoja kimoja kwenye kamba,
na vya Cirhuza akavitoa katika jozi mbili
bila kunidai ya pili.

Wiki tano baadaye Iragi akanirudishia vyake.
"Vimepungua."
Viatu havipungui, we mtoto.
Tukatandaza kamba juu ya saruji, akaweka unyayo.
Ulikuwa umelipita fundo kwa upana wa ukucha.

Nilitaka kugomba. Pesa ilikwisha, siku zilibaki nne.
Lakini nilikaa pale pale chini, kamba mkononi,
nikafikiri: hapa kwetu
tumezoea kupima vinavyokwenda chini,
maji ya bomba, thamani ya noti,
majina kwenye daftari la shule kila mwezi Januari.
Nikamwambia aweke tena unyayo.
Nikatazama tena.
Nikafungua lile fundo kwa meno, nikalisogeza mbele.

Basi liliondoka kabla ya mwadhini,
ili wawe wa kwanza Ruzizi mpaka ukifunguliwa.
Kocha alihesabu vichwa mara tatu na kupata idadi tatu.
Mwenye hotuba alichelewa kuamka,
wakaondoka bila kuhutubiwa.

Nshobole alikuwa kiti cha dirishani, nyuma.
Aliponiona hakupunga mkono.
Alivua kandambili, akainua mguu,
akabandika unyayo mzima kwenye kioo chenye ukungu.
Wenzake walimpigia kelele.
Aliposhusha mguu alama ilibaki,
kisigino, upinde, vidole vitano,
nikaufuata kwa macho
hadi kona ya Nyawera.