Kikombe cha Maziwa

Watu hawaamini nikiwaambia
kwamba barafu nzuri hutandikwa kwa maji ya moto.
Nyuzi sitini. Mvuke unafuka nyuma ya mashine yangu
kama shati bichi linalopigwa pasi,
na mji mzima unanyamaza
kutazama mikwaruzo ya watoto wake ikifutika.

Mimi Taisto Kemppainen, mwaka wa ishirini na sita sasa
naendesha gari lisilokwenda popote:
mzunguko, mzunguko, kisha gereji.

Leo fainali ya taifa, vijana chini ya miaka kumi na sita.
Kajaani tuna mawili, Rauma wana matatu.
Kahawa ya kibandani imekwisha tangu kipindi cha kwanza.

Kabla ya kufuta, husoma.
Hapa mtu alifunga breki kwa hofu.
Hapa wawili walibamizana ubaoni.
Hapa golikipa wetu alikwangua, kushoto, kulia, kushoto,
kama kuku anayepekua kiwanja.
Na karibu na mstari wa buluu, tone la damu,
na kando yake kitu cheupe,
ila si weupe wa barafu.

Nikasimamisha mashine. Watu elfu mbili wakanipigia miluzi.
Nikashuka, nikainama, goti likalia.
Jino. Zima, na mzizi wake.

Marehemu mke wangu alikuwa muuguzi.
Lisisuguliwe, alikuwa akisema, lisikauke, litie maziwa.
Nilikuwa na maziwa ya kahawa niliyoikosa.
Nikalizamisha, nikafunika kikombe kwa glavu,
nikamaliza mzunguko.

Tukasawazisha. Dakika za nyongeza.
Luukas, namba kumi na tisa, mdomo umejaa pamba,
akabaki yeye na lango
na gongo likamkatikia mikononi.
Wenzake wakaganda kumtazama. Rauma hawakuganda.

Upande wao ulilipuka.
Upande wetu nilisikia viti tu,
vikijikunja, kimoja, kimoja.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema.
Sawa. Wasemao huwa wamevaa viatu vya kawaida.

Alinijia gerejini na makali bado miguuni,
medali ya fedha ameisokomeza ndani ya glavu.
"Mzee, hukuona jino?"
Nikampa kikombe.
Akachungulia muda mrefu, kama mtu anayetazama kisima,
halafu akacheka, na pengo likacheka naye.
"Kumbe linajua kuogelea."

Nje mama yake alikuwa akipiga honi.
Akaondoka taratibu, mikono yote miwili kikombeni,
asimwage hata tone.
Wale wa Rauma kombe lao walikuwa wakirushiana.

Kikombe changu hakijarudi. Si neno.

Karatasi za rangi zilikuwa zimeshaganda uwanjani.
Nilizibandua kwa kucha, moja moja,
kisha nikafungua maji ya moto.