Uso wa Ukuta

Dundee, mtaa wa Lochee, ghorofa ya tatu,
Januari, saa kumi na mbili alfajiri,
kabla jua halijapata nafasi ya kuingilia ushahidi.
Senga Mulholland amefungua mlango, koti mwilini.
"Wewe ni wa pili," akasema. "Wa kwanza aliniambia nina joto."

Ripoti ya wakala ipo juu ya mlango wa friji, imebanwa na sumaku:
ukuta wa kaskazini, nyuzi ishirini na mbili.
Picha ni nzuri. Rangi ya chungwa toka dari hadi sakafu,
kama papai lililopasuliwa.
Nyuzi ishirini na mbili,
na hakuna aliyezifuma zikawa blanketi.

Mtoto anakohoa chumba cha pili. Nahesabu bila kutaka.

Sikuibishia karatasi. Niliuliza tu:
siku ile, hita ilikuwa wapi?
Akanyoosha kidole. Pale, nyuma ya yule bwana,
"aliomba niiwashe, vidole vilimfa ganzi."
Na ukutani, tangu enzi za mpangaji wa kabla ya kabla yake,
karatasi ya rangi ya fedha, yenye maua,
inang'aa kama sinia la harusi.

Basi. Nikajua.
Bwana yule hakupiga picha ya ukuta.
Alipiga picha ya hita, na ya tumbo lake mwenyewe;
ukuta ukamrudishia,
naye akaziandika salamu zake kuwa ndizo jibu.

Nilipokuwa najifunza kazi hii, sheria hazikunikaa kwa Kiingereza.
Nilizipanga kwa vina, nikizisema kimoyomoyo ndani ya basi la Perth:

    King'aacho kina hila, huazima cha jirani,
    Bandika tepe mahala, hadi vifanane ndani,
    Umbali pia suala, sogea uwe usoni,
    Na nambari ya pupa, la, usiitie kapuni.

Nikazima hita. Senga akaniangalia kama mwizi.
Nikakata utepe mweusi wa fundi umeme, vipande vitatu:
juu, katikati, na chini penye ukungu.
Nikafinyanga karatasi ya alumini ya jikoni, nikaikunjua,
nikaitundika ili iniambie chumba kinasema nini
kabla sijausikiliza ukuta.
Nikaingiza namba ya utepe, sifuri nukta tisa tano.
Kisha tukangoja.

Wanasema ngojangoja huumiza matumbo.
Robo saa ile haikumuumiza mtu. Tulikunywa chai,
tukivikumbatia vikombe,
akaniambia koti lile alilinunua kwa mazishi ya dada yake
na sasa analivaa kuoshea vyombo.

Nikasogea. Kando kidogo,
nisijione.
Mwongozo unalitaja hilo kwa mstari mmoja tu,
nami miaka sita sasa bado najifunza:
kupima kitu bila kujipima.

Juu, tisa nukta sita.
Katikati, tisa nukta moja.
Chini, saba nukta nane.
Na pembeni mwa kila utepe ile karatasi ya fedha
ingali inadai kumi na sita, ikinikazia macho.

Senga alitazama skrini, vijiraba vitatu vya buluu
ndani ya chungwa lote lile.
Hakulia, hakushukuru. Alikwenda akaweka kiganja
juu ya utepe wa chini, akakiacha.
Alipokiondoa, alama ilibaki kwenye utepe peke yake,
upana wa vidole viwili, nyeupe, ikififia.
Kwingine kote karatasi haikukiri kuguswa.

"Andika," akasema.
"Na nukta nane?"
"Na nukta nane."