Tundu la Duara

Leo hukuamka.
Nimekubonyeza, ukakohoa mara tatu,
feni ikazunguka kwa shida, ikanyamaza,
kioo kikabaki cheusi na sura yangu ndani yake.

Raiyan: "Mama, itupe.
Miaka kumi na sita! Hata gari lake baba hakulivumilia hivyo."
Mdogo wake, Muadh, ajuaye bei ya kila kitu:
"Iongezwe kumbukumbu, ibadilishwe diski,
riyali ishirini na nane tu, itakimbia."
Wiki mbili nyumba hii ya Mabela
imegawanyika mbele ya sinia la wali,
wa kukarabati huku, wa kununua kule,
na mie katikati nachambua miba ya nguru.

Wao wanahesabu kasi. Mie nahesabu vingine.
Humo ndani mna daftari la kutunzana la ukoo mzima:
nani katoa kumi, nani kaahidi tano akapotea,
gharama za sanda, za tiketi, za arusi ya Mabruka
iliyovunjika kabla halwa haijapoa.
Yote nimeyapiga chapa kwa Kiswahili,
usiku, kiyoyozi kikinguruma,
hata herufi A ikafutika kwenye kibodi.
Lugha yetu inakula A kama watoto wanavyokula tende.
Na shini ya Kiarabu, iliyolala juu ya kitufe hichohicho,
ikafutika nayo, masikini, bila kosa,
jirani wa mwenye deni.

Alhamisi tukakubeba mpaka Ruwi,
umefungwa mkanda kiti cha nyuma.
Fundi Shaji akakufungua kwa bisibisi,
likatoka vumbi. Vumbi gani! Ilikuwa nyumba yetu:
mchanga wa kila Juni, majivu ya ubani,
uzi wa kanzu ya marehemu, mweupe bado.

Hakusema kitu. Akawasha tochi,
akanionyesha ubaoni vikopo vidogo
vimevimba vichwa, kimoja kimetoa chozi la kahawia.
"Mama," kwa Kiarabu chake cha dukani,
"ubao umekwisha. Ukiutilia diski mpya
ni sawa na kumvisha maiti saa."

Wiki mbili za mabishano, kumbe wewe
ulikwishaamua peke yako, kimyakimya,
mgeni anayeaga na viatu keshavaa.

"Diski yako nzima," akasema. "Kila kitu kitahama."
Akaweka mezani boksi jeusi, jembamba,
riyali tisini na tano, limetumika ofisini kidogo
(kila muuzaji husema kidogo).
Muadh akanuna. Raiyan akajisahau, akacheka.
Kipya kinyemi, nakiri:
lilipowaka kabla sijamaliza bismillahi
niliona raha, na raha ile ikanitia haya.

Kisha nikatoa kibodi yangu mfukoni.
Ncha yake ya duara, ya zambarau.
Tukaligeuza boksi, tukalipapasa mgongo:
matundu bapa matupu. La duara hakuna.
"Nunua na kibodi," akasema Raiyan, taratibu,
maana aliuona uso wangu.

Shaji akavuta mkebe wa biskuti,
akatia mkono, akafukua misumari, nyaya, betri za saa,
akafukua tena,
akaibuka na kiungo kidogo, nusu ya kidole.
"Baisa mia tano. Hivi haulizi mtu siku hizi."
Nikampa riyali nzima, sikungoja chenji.

Sasa ni usiku. Boksi halikohoi, halingurumi,
naisikia saa ya ukutani, sikujua kama ina sauti.
Nimefungua daftari. Hesabu zimefika salama,
hata za waliokwishazikwa, hata deni la Mabruka.
Kidole kinashuka kwenye kitufe kitupu, hakitazami.
Naandika: *Wanachama waliohudhuria.*
Hesabuni wenyewe, mna A ngapi.